Lori Lenye Jina Langu

Kacheke huko mbele, si hapa. Haya ninayokwambia yamenikuta mimi mwenyewe, na yananikuta mpaka leo. Nikikatika katikati ya neno usinipige mgongoni wala usiniletee maji. Nisubiri tu, nikipata pumzi nitaendelea.

Mume wangu Rajabu alikuwa na lori lake la kubebea saruji na mahindi. Tulipofunga ndoa alimwita mchoraji, akaandika kwenye bati la juu ya kioo cha mbele kwa herufi nyekundu: ZAINA. Ndilo jina langu. Wewe ungefanyaje? Nilifurahi! Watoto wa mtaani kwetu Mkonze wakiliona linapita wanapiga kelele, "Zaina huyooo!" nami niko mlangoni natabasamu kama bibi harusi. Mjinga mimi.

Tatizo lilikuwa moja: mlimani lile lori halikuwa na kitu. Baiskeli nusura zilipite.

Siku moja, majira ya baridi, jua linazama. Tulikuwa tumepakia saruji ya kupeleka Bereko, na mimi nimedandia nikanunue ulezi wa biashara yangu. Kwenye mlima wa Kolo lori likaishiwa nguvu kabisa. Rajabu akakanyaga breki, nikaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Nilipoinuka, mtu mzima mmoja amesimama mbele ya lori, kavaa ovaroli, analisoma lile jina.

Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Niamini, mtu mzima wa huku kwetu haachi shikamoo ikaanguka chini. Hata akiwa na hasira na wewe ataguna marahaba. Halafu nikaona jingine. Baridi ilikuwa kali, mimi na Rajabu kila tukisema vinywa vinatoa mvuke. Yeye alipofungua kinywa hakikutoa mvuke wowote.

"Hili lori lina nguvu nyingi," akamwambia Rajabu. "Zimefichwa tu. Nizifungue?"

Rajabu naye! Kwa ajili ya lori lile angemkaribisha hata fisi. Akainamisha kichwa cha lori, injini ikawa wazi. Yule mtu akaingiza mkono mpaka kwenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Tabo iliyotoka kuhangaika mlimani inaunguza nyama mpaka mfupani, lakini yeye aliishika kwa kiganja kitupu. Akasema ina kilango kidogo cha kupunguzia hewa ili injini isizidiwe, na kwamba atakikaza kisifunguke tena.

"Ila hewa ya ziada lazima ivutwe kutoka mahali," akasema. "Zaina ni nani?"

"Si mke wangu huyu hapa," Rajabu akajibu huku anacheka.

Akanitazama kifuani, akakaza kitu kwa vidole vyake. Tulipokirudisha kichwa cha lori chini, hakuwepo. Barabara tupu juu na chini, na pale hapana kichaka cha kumficha mtu.

Lori likaupanda ule mlima kama halijabeba hata mfuko mmoja. Rajabu anapiga honi, anaimba. Mimi pembeni yake pumzi haiingii, nagonga dashibodi anione. Nilidhani anafikiri nashangilia. Tulipofika juu, pumzi ikarudi.

Tangu hapo ikawa ndiyo maisha yangu. Niko nyumbani naosha vyombo, ghafla kifua kinabana, naanguka palepale uani. Hospitali wakanipima, wakasema mapafu yangu mazima. Kila nikiinuka nampigia Rajabu simu, uko wapi? Na kila mara jibu ni lilelile: "Ndiyo nimemaliza mlima sasa hivi, mama. Linapaa hili!"

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Najua, Zaina," akasema, macho kayainamisha. "Siku ile nilikuona. Lakini sasa ni msimu wa mahindi. Vumilia, ukiisha nitalifuta jina."

Vumilia! Mtu anakunywa uhai wako, halafu anakuomba uvumilie kwa sababu mahindi yameiva? Msimu ukaisha, ukaja wa alizeti. Hakulifuta. Akamrudisha mchoraji, akalipaka rangi upya.

Mchana mmoja lori liko nje limeshapakiwa, Rajabu kala kashiba kalala. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapanda juu ya bampa, nikakwangua herufi zote mpaka likabaki bati. Alipoamka akaingilia mlango wa dereva kama kawaida, akaondoka bila kulitazama lori kwa mbele. Nilijua litakalotokea? Nilijua lile lori lazima livute pumzi ya mtu. Usiniulize zaidi.

Jioni ile nilivuta pumzi mpaka nikalia. Yeye walimkuta juu kabisa ya mlima wa Kolo. Lori limesimama vizuri, injini inaunguruma, mikono iko kwenye usukani, mdomo wazi, midomo myeusi. Hana hata mchubuko.

Msibani sikutoa chozi. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Rajabu, akaniuliza kwa nini. Kwa uchungu niliokuwa nao nikamweleza yote, na kisu nikakitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Arobaini ilipopita akalichukua lori, ndugu zake wote wakasema ni mali ya ukoo. Siku chache baadaye akalileta mpaka mbele ya nyumba yangu, akapiga honi nitoke.

Herufi nyekundu, kubwa kuliko za mwanzo: ZAINA.

"Kaka alikuwa anakuonea huruma, shemeji," akasema dirishani. "Mimi nitapanda milima kila siku."

Na anapanda kweli. Usiku analilaza mtaa wa Kikuyu, kwenye yadi yenye mlinzi na mbwa, silifikii. Polisi nikawaambie nini? Kwamba nimeandikwa kwenye lori?

Basi wewe ambaye mume anataka kukupamba kwenye gari lake, mwambie aandike jina la timu yake ya mpira. Na mtu asiyeitikia shikamoo akiuliza hilo jina ni la nani, mzibe mumeo mdomo kwa mkono wako, mgombane baadaye.

Asubuhi Hamisi amepita hapa na saruji, amenipigia honi. Sasa hivi atakuwa anaiacha Kondoa, na mbele yake ni Kolo. Sogea, nishike mkono. Usipige kelele, usiite watu. Akifika juu nitarudi. Wewe omba tu lisiharibikie katikati.