Laki Moja na Tatu

Kila muuza mchele wa soko la Mwanjelwa anapofungua gunia jipya, harufu ya pumba hunirudisha Rujewa, kwenye mashine ya kukoboa, nimekaa juu ya magunia na daftari langu la hesabu.

Kwenye kibati cha mashine palikuwa na namba: 100003. Likizo nzima niliigawa, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu, hadi mia tatu na kitu, ambapo mwalimu alisema panatosha. Kila mara kilibaki kitu. Siku niliyomaliza nikapiga kelele kuishinda injini: "Shangazi, hii namba ni tasa!"

Ungo wake ukasimama. Alikuwa amerudi kwetu baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto, na neno hilo ndilo lililomrudisha. Wanawake waliokuwa wakipepeta naye wakainamisha vichwa.

"Tasa ndiyo nini huko shuleni kwenu?" akauliza taratibu.

"Haigawanyiki, shangazi. Ila kwa moja, na kwa yenyewe."

Akapepeta kidogo, pumba zikaruka.

"Sasa hapo kosa lake nini?"

Nikapekua daftari langu lote, kila ukurasa niliogawia ile namba. Sikuliona hilo kosa.