Barua ya Koko kwa Gavana

Nikisikia harufu ya samaki wa moshi ndani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, miguu yangu bado inataka kukimbia kuelekea gerezani. Nilikuwa na miaka kumi, na kila siku baada ya shule nilipeleka sufuria ya chakula cha Tonton Faustin, mdogo wa papa yangu. Alifungwa kwa kumvunja mtu mkono katika ugomvi wa mitego ya samaki, kwenye maporomoko ya mto. Mfungwa asiyeletewa chakula na ndugu zake alilala njaa. Sufuria ilirudi imelambwa mpaka inang'aa, nami nilijua hiyo ndiyo salamu yake.

Siku moja Koko, bibi yangu na mama wa Tonton, akaamka na wazo. “Tuandikie gavana,” akasema. “Wakati wa Wabelgiji, papa yangu alifungwa juu ya kutolima pamba. Gavana akatuma karatasi moja tu, papa akatoka.” Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Yeye akasema, mimi nikaandika polepole, kama ninayechonga ufunguo wa gereza. Tukavaa nguo za kanisani, tukaipeleka wenyewe ofisini. Karani akaisoma yote, hata pale Koko alipouliza kama watoto wa gavana hawajambo.

“Koko, gavana hana uwezo huo. Kusamehe mfungwa ni kazi ya Rais peke yake.”

“Yule wa Wabelgiji alikuwa nao.”

“Ile ilikuwa sheria yao. Wetu hana.”

“Bon,” Koko akanigeukia. “Mutoto, kata gavana, andika Rais.”

Karani alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanipa kalamu yake. Nikakata palepale mezani. Akaahidi kuituma Kinshasa.

Mwisho wa mwaka redio ikatangaza kwamba Rais amewasamehe wenye vifungo vifupi. Kila siku nilifika na sufuria, nikasubiri mbele ya mlango wa gereza. Siku ya nne mlango ukafunguka, akatoka Tonton mwenyewe, akaipokea sufuria, akala amesimama barabarani. “Chumvi kidogo,” akasema. Nikacheka huku nalia.

Leo naandikia watu barua karibu na soko. Nimeshajua kwamba msamaha ule uligusa wengi, na barua yetu labda haikufunguliwa kamwe. Koko hataki kusikia hayo. “Tulimwandikia, akajibu,” anasema. Mimi nimejifunza jambo moja: mama wa mfungwa akija kukaa mbele yangu, naandika maneno yake yote kwanza, hata salamu kwa watoto. Nafasi ya jina la anayeandikiwa naiacha wazi, mpaka nijue ni nani mwenye uwezo wa kusema ndiyo.