Swali la Sista Pelagia

Katika hospitali ya kisiwa chetu, Sista Pelagia alichukiwa kuliko sindano. Umecheza harusini kwake, umemzikia mama yake, halafu anakusimamia kitandani na kidonge mkononi: "Jina lako nani? Baba yako nani?" Wagonjwa walimwita Mahakama. Naye hakuwapenda, kahawa yake aliinywa peke yake, mgongo kwa watu.

Ila swali lilikuwa na sababu. Kisiwani kila mwana humpa kifunguamimba wake wa kiume jina la babu. Babu Stratis akizaa wana wanne, unapata Stratis wanne wa ukoo mmoja, wote pua kama ndoana, wote wakigombea mizeituni ileile.

Kiangazi hicho wawili wao walilazwa wodi moja, wote wakisubiri damu: Stratis wa Manolis na Stratis wa Yannis. Hawakusalimiana tangu baba zao wagawane shamba. Wa Yannis alipewa kitanda cha dirishani. Alipopelekwa kupigwa picha ya kifua, wa Manolis alijikokota akakilalia yeye, kwa roho mbaya tu. Utepe wa jina alikwisha kuukata mkononi kwa kisu cha matunda, eti havai kitu kinachofanana na cha yule mshenzi.

Pelagia akaingia na mfuko wa damu wa Stratis wa Yannis. Damu hiyo na ya wa Manolis hazipatani. Ikimwingia, jioni kengele ya kanisa ingemlilia.

"Stratis Kalaryiros?"

"Ndiye mimi. Tundika!"

"Baba yako nani?"

"Mahakama imeanza," akasema Argyro, mke wa huyo wa Manolis, akimenya pichi. "Mtu amekuwa mweupe kama jibini, wewe unauliza ukoo! Ndiyo maana mumeo alikukimbia."

"Alikimbia kwa kuwa hakuwa na majibu. Baba yako nani?"

"Kadi hiyo hapo kitandani. Macho umeweka rehani?" akafoka Stratis.

Kadi ilisema wa Yannis. Mfuko ulisema wa Yannis. Miguu ilimuuma Pelagia kwa kusimama kutwa, na wodi nzima ilimzomea: mtundikie, tupumzike! Mkono wake ukaenda kwenye mpira wa damu. Ukarudi.

"Kadi haiumwi. Sema wewe."

"Sema tu, Stratis, yaishe," akanong'ona Argyro.

Stratis akautazama mfuko. Neno moja tu, na zamu ya binamu yake ingekuwa yake. Akafungua kinywa, uso ukamvimba kama mkate tanurini.

"Mimi nijiite mtoto wa yule mwizi wa mizeituni?" akanguruma. "Bora nife! Mimi ni wa Manolis!"

"Ungekufa kweli, kabla ya chakula cha jioni," akasema Pelagia, akauondoa mfuko. "Hii si damu yako. Shuka kitanda cha watu."

Argyro akaliacha pichi, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kumshtaki Pelagia kwa daktari: sista yule nusura amlazimishe mumewe kumtaja Yannis.

Alasiri damu ya wa Manolis ikafika.

"Baba yako nani?"

"Manolis, Mahakama wee! Uliza tena uone!"

"Kesho," akasema Pelagia, akamchoma sindano bila kumbembeleza.