Bi Kamla Kaambiwa Achezeshe Midomo

Saumu mjukuu wangu, wewe na kamati yako ya arusi hamna haya!

Bi Kamla ni jirani yangu hapa mtaani Bredäng, huku ughaibuni. Kwao India alianza na nyimbo za kijijini, kisha akaimbia filamu. Waigizaji warembo wakifungua midomo, sauti ni yake. Sura yake hakuna aliyeijua.

Leo mchana nikampeleka arusini mtaa wa Norsborg aimbe, angalau mara moja watu wamwone. Njia nzima ndani ya treni anapasha koo.

Ile kushika maikrofoni tu, Saumu ukaweka sidii ya filamu yake ya zamani.

Ukamwambia, "Bibi, wewe chezesha midomo tu. Hii ni safi zaidi."

Safi zaidi! Sauti yake mwenyewe ya ujana!

Nikapiga kelele zimeni, nani anisikie na spika zile? Ninyi vigelegele tu.

Naye akachezesha midomo, jamani. Mpaka mwisho.

Kurudi, nikamfikisha mpaka mlangoni kwake.

Saumu, kesho nenda kwake na hao wenzako. Mkae chini, mumwombe awaimbie. Akikataa, mwosheeni vyombo, na keshokutwa mrudi tena.