Fungate Iliyolipiwa Kabla ya Posa

Mwenzangu kazini tunamwita Mapema. Jina hilo hakupewa na mtu mmoja. Lilijitokeza lenyewe, likamkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Mwavuli ananunua kiangazi, wauzaji wakimcheka. Akialikwa chakula cha mchana, wenyeji wanamkuta mlangoni wao wenyewe hawajapiga mswaki. Siku moja alikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa na baba mkwe, akamkuta huyo baba mkwe amekaa kitandani anakunywa uji. Ilibidi ageuze maneno pale pale, akasema amekuja kumjulia hali. Mgonjwa alifurahi sana, na mpaka leo anamwombea dua.

Tunatengeneza makochi. Mimi nachonga na kuunga fremu, yeye anaweka springi, sponji na kitambaa. Akivuta kitambaa kwenye kona ya kochi huoni mkunjo hata ukiutafuta kwa tochi.

Wengine humdhani ana papara, lakini dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, alinieleza mambo yalivyoanza. Ujanani Mapema alimpenda binti wa mtaa wa pili. Akasema atakwenda kwao akishanunua viatu vya heshima. Alipovipata viatu, akaona suruali haiendani navyo. Alipoipata suruali, shati likawa limepauka. Alipokamilika toka utosini mpaka unyayoni akaenda, akakuta wanasugua masufuria ya harusi. Wakamkaribisha ukoko. Akala, akashukuru, akarudi nyumbani na viatu vyake. Tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja: "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Na kazi yetu ilimzidishia. Kwenye karakana yetu kitambaa hakikatwi mpaka mteja alipe. Akishalipa, kochi ni lake, hata aje tajiri na gari lenye dereva haliuzwi tena. Mapema aliishika kanuni hiyo akaichukulia kuwa ndivyo dunia nzima inavyokwenda. Alikuwa akisema, "Kilicholipiwa kina mwenyewe," na kupigilia msumari kama anaweka sahihi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, kuna duka la mwanamke mmoja fundi wa mapazia. Ni mjane, mwanamke wa miraba minne, sauti yake inasikika juu ya cherehani tatu zikiwa zinanguruma. Mteja akinunua kochi kwetu tunampeleka kwake apate mapazia ya kufanana nalo, na yeye wa kwake anatuletea sisi. Kwa sababu hiyo Mapema alikuwa akivuka barabara na vipande vya vitambaa mkononi kulinganisha rangi. Alikuwa akikaa huko muda mrefu kuliko rangi zilivyohitaji.

"Huu wekundu umezidi kidogo," atasema.

"Umezidi kweli, fundi," mama atajibu.

Basi. Mengine yote waliyotaka kuambiana waliyaweka kwenye rangi, na sisi tuliokuwa tunatazama tulichoka kungoja.

Kisha akaja wakala wa safari. Alikuja kutengenezewa viti vya ofisi yake, kijana mwenye tai na maneno mengi, akaacha kitabu cha picha mezani. Mapema akakifungua. Kulikuwa na hoteli ya mbali, upande wa pili wa dunia, kwenye mlima wenye theluji. Unapanda ndege, unashuka, unapanda nyingine, unalala hewani na kuamka bado uko hewani. Chumba chenyewe kilikuwa cha maharusi, na kichwa cha kitanda kilikuwa kimeshonwa kwa vifungo vya kuzamishwa ndani ya sponji, safu juu ya safu. Mapema alikitazama kile kichwa cha kitanda mpaka chai yake ikapoa.

"Vifungo hivi," akaniambia, "vimezamishwa na mtu anayejua kazi."

Wakala akaona samaki anaigusa ndoana. "Mzee wangu, fungate kama hii ukiilipia mwaka mzima kabla, wanakushushia bei. Wanaochelewa ndio wanaoumia."

Asingejua neno tamu zaidi la kumwambia mtu yule. Kesho yake Mapema hakuonekana kazini asubuhi. Alipokuja, uso wake ulikuwa unang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi.

"Nimelipa," akasema. "Yote. Ndege, chumba, mpaka gari la kutupokea."

"La kuwapokea wewe na nani?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

"Mmeshaongea?"

"Bado."

"Sasa umelipiaje fungate na mtu hujamposa?"

"Kwani mwaka mzima si upo? Kilicholipiwa kina mwenyewe. Mengine yatafuata."

Nilirudi kwenye randa yangu. Mimi si mtu wa kubishana.

Dada yake alisikia, maana habari kama ile haihitaji miguu. Akaja karakana akiwa bado na kanga ya jikoni, na hakusalimia.

"We mtoto! Nimesikia umenunua kifuniko, chungu kiko wapi?"

"Dada, shikamoo kwanza."

"Marahaba ya nini! Na mwenye mapazia yake akikataa? Utalala na nani huko kwenye barafu? Na mto?"

"Hatakataa, dada."

"Umemuuliza?"

"Nimelipa."

Dada akanigeukia mimi. "Na wewe seremala ulikuwa wapi? Umekaa na mwenzio kutwa nzima, akili inamtoka kama vumbi la mbao, wewe unapiga randa tu?"

Nikamletea kigoda.

Wiki zikaenda. Wakala akaanza kudai pasipoti za wasafiri wote wawili, na hapo ndipo Mapema alipotambua kwamba pasipoti ya mtu huwezi kuipata bila kumwambia mtu huyo unaitakia nini. Akavuka barabara kwenda kusema. Akarudi na kipande cha kitambaa cha kijani. Akavuka tena kesho yake. Wakaongea habari za kijani hicho. Mwishowe akanishika bega.

"Ndugu yangu, nenda wewe."

Sijui nani alimwambia kwamba mimi naweza. Mimi kununua nyanya tu nikizungukwa na watu nanunua zilizooza ili niondoke haraka. Lakini rafiki ni rafiki. Nikaenda. Mama wa mapazia aliinua macho kwenye cherehani.

"Karibu, fundi. Una shida gani?"

Ulimi ukawa mzito kama gogo la mninga. "Nataka... pazia," nikasema.

"La wapi?"

"La sebuleni."

Akapima, akakata, akashona, nikalipa. Nilipopeleka nyumbani, mke wangu alishangaa lakini alifurahi. Nilipotumwa mara ya pili nikarudi na la chumbani, furaha ikapungua. "Mume wangu," akaniuliza, "kuna nini kwenye lile duka?" Nikamweleza ukweli wote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema ukweli huo ni wa kipuuzi kiasi kwamba hauwezi kuwa uongo.

Wakati sisi wanaume wawili tunahangaika na vitambaa, wakala hakuwa na haya kama zetu. Mapema alikuwa amemwambia bibi harusi ni fundi wa mapazia anayetazamana na karakana. Kijana akasoma namba ya simu kwenye kibao cha duka, akapiga.

Nilimwona mama akiipokea. Nilimwona akiitoa sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akainuka, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Pikipiki zikampisha.

Mapema alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, mdomo umejaa misumari midogo.

"Fundi!" akaita. "Kuna mtu nisiyemjua kanipigia simu. Kanipongeza. Halafu kaniuliza, kwenye ndege nitakula nyama au samaki. Ndege gani? Samaki gani? Naenda wapi, na nani?"

Mapema akaanza kutema misumari mmoja mmoja kwenye kiganja. Mteja mmoja aliyekuja kuchagua sponji akakaa vizuri kusikiliza.

"Ni... safari," Mapema akasema.

"Safari ya nini?"

"Ya fungate."

"Ya nani?"

"Yetu."

Mama akaivua ile futi shingoni.

"Yetu," mama akarudia polepole. "Tumeoana lini, baba? Niambie na mimi nijue, nisije nikawa nimekosa kuhudhuria harusi yangu."

"Nilitaka kuwahi nafasi," Mapema akasema kwa sauti ndogo. "Ukishalipia..."

"Ukishalipia ndiyo nini? Mimi kochi?"

Yule mteja wa sponji akasema, "Kweli kabisa, mama." Akatazamwa, akanyamaza.

Nilidhani mama atamtukana Mapema. Hakumtukana. Akakaa kwenye mkono wa kochi lisilo na kitambaa, akasema taratibu, na kwa mtu mwenye sauti kama yake, taratibu inatisha zaidi.

"Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Lakini kila kitu aliniambia kikiwa kimekwisha. Tumehama. Nimeuza. Nimenunua. Nikasema, nikipata mwingine, atakuwa wa kuniuliza. Miaka yote hii unavuka na vitambaa, nikasema moyoni, huyu ataniuliza. Leo nakuta na wewe umeshanipanga kama mzigo kwenye buti la gari."

"Basi nakuuliza sasa," Mapema akasema, na magoti alikuwa nayo chini tayari.

"Sasa huwezi. Nikikubali, sitajua nimekukubali wewe au ndege. Nikikataa, mtaa mzima utasema nimekula jasho lako. Hiyo safari iondoe hapo katikati kwanza. Ikishaondoka, kama bado una neno, unajua ninapokaa."

Akavuka kurudi kwake. Siku zote zilizofuata hakukuwa na kipande cha kitambaa kilichovuka barabara. Mapema alishona kochi moja kitambaa kikiwa upande wa ndani nje, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

Akaenda kwa wakala. Pesa haikurudi, alikuwa ametia sahihi mwenyewe. Ila majina yangeweza kubadilishwa. Wakala akamshauri auze nafasi. Mapema akakataa, akasema fungate si mtumba. Jioni akaenda kwa dada yake, mimi nikamsindikiza.

"Nyinyi wawili nendeni," akamwambia. "Wewe na shemeji."

"Mimi na yule?" Dada akamnyooshea mwiko mumewe aliyekuwa anasikiliza redio. "Tangu auze kabati la mama yangu bila kuniambia, tunasemezana habari za chumvi tu. Niende naye fungate uzee huu?"

Mumewe akapunguza sauti ya redio. "Kuna theluji kweli huko?" akauliza.

"Ipo, shemeji."

"Mimi sijawahi kuiona."

"Na mimi nani kakwambia nimeiona?" dada akamjibu. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza isiyo ya chumvi niliyosikia nyumbani mle. Kesho yake akaja karakana kuuliza kama masalia ya kitambaa kizito yanaweza kutosha makoti mawili.

Walisafiri majira yalipofika. Kwenye makoti ya kitambaa cha makochi walionekana kama viti viwili vinavyotembea. Dada alipiga simu kutoka huko akipiga kelele kana kwamba umbali unashindwa kwa koo: "Wametumwagia maua kitandani! Shemeji yako anapiga chafya tu! Amenishika mkono kwenye ngazi, anasema kunateleza! Na hakuteleza mtu!"

Siku hiyo hiyo Mapema alivua aproni, akanawa mikono. Hakuchukua kitambaa chochote.

Mimi nilikuwa tayari ndani ya duka la mapazia, kwa sababu mke wangu alikuwa amenituma kurudisha lile la chumbani likapunguzwe urefu. Nilipomwona anaingia nilitaka kutoka, lakini mlango ni mmoja. Nikajisogeza nyuma ya pazia lililotundikwa, nikasimama huko nikichungulia pembeni, viatu vikionekana.

"Imeshaondoka," akasema.

"Nimesikia. Na dada yako nimesikia, simu ile imefika mpaka huku."

Mashine ikanguruma kidogo, ikasimama.

"Sina nilichokuja nacho," Mapema akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Unaweza kukataa, nitaendelea kukuletea wateja vilevile. Utakubali tuoane?"

"Subiri nimalize pindo hili."

Akashona pindo lile refu kuliko mapindo yote. Mapema akakaa kwenye stuli, mikono mapajani. Hakuangalia saa, hakusema neno, hakuuliza kama limebaki kubwa. Mguu wangu ukafa ganzi. Mama akakata uzi kwa meno, akakunja pazia, akaliweka kando.

"Nakubali," akasema. "Lakini safari nitachagua mimi."

"Ya wapi?"

"Sijui bado. Nitafikiri. Na wewe usilipe chochote."

"Hata malipo kidogo ya kutanguliza, ya kushika nafasi?"

"Hata kidogo."

"Sawa," akasema. Nilisikia inavyomuuma, na nilisikia pia kwamba anacheka. Kisha mama akageukia upande wangu. "Na wewe mwenye viatu huko nyuma, toka utupongeze, halafu uniambie pazia lako linapunguzwa kiasi gani."