Nilimnyonyesha Nani?

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoingia uani kwetu Kaisho nikiwa na begi begani na maneno mengi mdomoni, nikamkuta mama amekaa chini, mbeleko ya Kemilembe mapajani mwake. Kemilembe alikuwa kitinda mimba wetu. Surua ilimchukua akiwa hajatimiza miaka mitatu, na mimi niliyekuwa chuo cha ualimu nilipata habari wakati wameshamzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilikuta udongo bado mbichi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali uliloniuliza jana, umeshika hiyo simu yako isiyopoa: "Bibi, ni kweli kuna injili walizotuficha?" Uliponiona nimenyamaza ukadhani nimekasirika. Wala! Kuuliza si ujinga, na mimi sijawahi kumfukuza mtoto kwa sababu ya swali. Nilinyamaza kwa kuwa swali hilo nililiuliza mimi kabla mama yako hajazaliwa, nikajipa jibu mwenyewe, na jibu langu likamuumiza mama yangu mzazi.

Chuoni nilikuwa na rafiki aliyependa vitabu vigeni. Akaniazima kimoja kilichoeleza maandiko ya kale ya watu walioitwa Wagnosti. Mengi yaliandikwa mitume wakiwa wamekwisha kufa siku nyingi, na baadhi yakapewa majina ya mitume hao hao. Kisha yakapotea, hadi yalipokuja kupatikana ndani ya mtungi uliofukiwa mchangani kule Misri. Nilikisoma kile kitabu nikasahau hata kula, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Kilisema wale watu waliamini kwamba Yesu aliwanong'oneza wachache maarifa ya siri. Kwamba dunia hii haikuumbwa na Baba, iliumbwa na mungu mdogo asiyejua alitendalo. Kwamba mwili ni gereza, na ndani yake kuna cheche ya nuru inayongoja kutoroka, na anayetoroka ni yule tu anayejua.

Na mimi, binti wa mfuga ng'ombe wa Kaisho, nikajiona nimeshakuwa mmoja wa hao wanaojua! Nikienda kanisani nilikuwa nawatazama akina mama wanaoimba wamefumba macho, nikiwahurumia kwa ujinga wao. Debe shinda haliachi kutika, mwanangu, na mimi siku hizo nilitika hasa.

Basi asubuhi ile nikakaa karibu na mama. Nilitaka kumfariji, nakuapia, maana nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nikamwambia asilie. Nikamwambia kile kilichozikwa hakikuwa Kemilembe, kilikuwa gereza lake tu, wala Mungu wa kweli hakuwa na mkono katika kulitengeneza. Sasa mtoto yuko huru, mwili haukuwa kitu. Nilisema kwa sauti laini ya kitaalamu, kama mtu anayefundisha darasa.

Mama aliikunja ile mbeleko polepole mpaka nikadhani ametulia. Kisha akaniuliza bila kupaza sauti, "Kama mwili haukuwa yeye, mimi nilimnyonyesha nani?"

Akainyanyua ile mbeleko.

"Yule aliyekuwa akinikojolea mgongoni alikuwa nani? Na yule niliyemkanda maji alipowaka homa, nilikuwa nakanda gereza?"

Hapa lazima nikueleze jambo, kwa kuwa ninyi vijana maziwa mnayajua ya pakiti. Ng'ombe wetu wale wenye pembe ndefu, ndama akifa, mama yake hukataa kuachia maziwa. Utamkamua mpaka vidole viume, hupati kitu. Kwa hiyo watu humchuna yule ndama, ngozi wakaikausha, wakaijaza nyasi na kuipaka chumvi, wakamsogezea ng'ombe wakati wa kukamua. Ng'ombe huinusa, huilamba, akadhani mwanawe amerudi, na maziwa yakashuka. Mama alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, na kila mara alikuwa anamwomba ng'ombe radhi kwa Kinyambo, lugha yetu, polepole, kama anayeongea na shoga yake.

Akaniangalia usoni. "Umeniletea ngozi iliyojazwa nyasi," akasema. "Inanukia kama mwanangu, lakini mwanangu hayumo. Mimi si ng'ombe, binti yangu."

Ningeweza kuyameza hayo. Yaliyofuata ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Jioni baba alipoanza sala ya nyumbani kama kawaida, mama aliinuka akatoka nje. Kesho yake vivyo hivyo. Jumapili ikafika, hakwenda kanisani, yeye ambaye hata alipokuwa na mimba kubwa ya Kemilembe alipanda kile kilima cha kanisa akihema. Baba alipomuuliza, akajibu: "Binti yako msomi anasema aliyeumba mwili wa mtoto si Mungu mwema. Sasa pale kaburini nilimkabidhi kwa nani? Niambieni, nijue namwomba nani."

Baba hakunigombeza. Alinitazama tu, na heri angenichapa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nimeutia pilipili. Mtoto alikuwa amekwenda, na sasa mama hakuwa hata na pa kumlilia. Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba nimemwondolea mama yangu Mungu, na sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Nikachukua kitabu nikaenda kwa mchungaji wetu, mzee mcheshi aliyejua kutania hata watoto wa kipaimara. Nilimkuta anapunguza majani ya migomba. Nikamweleza yote huku nalia, nikingoja akichome moto kitabu changu. Akafuta mikono, akakifunua kurasa mbili tatu, akacheka kidogo. Kumbe alikuwa ameyasoma mambo hayo chuo cha theolojia mimi sijazaliwa!

"Kitabu hiki hakinitishi," akasema. "Kinachonitisha ni wewe kuchukua maneno usiyoyapima ukayapeleka msibani." Ikaniingia, lakini aliisema kwa upole, kama babu. Kisha akaniambia wale Wagnosti walikuwa na swali la haki kabisa: kwa nini dunia inauma hivi? Ila walipoona maumivu wakaamua kwamba dunia haina baba mwema. "Sisi tunasema Mungu aliiumba mwenyewe, akaiona ni njema, na ilipoharibika akaja ndani yake. Hakuja kama kivuli. Alizaliwa, akanyonya. Mama yako amekushinda kwa swali lake, binti, kwa sababu hata Mariamu angeuliza vile vile."

Akanawa, akavaa shati safi, tukafuatana hadi nyumbani. Mama alimletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni, maana huzuni haikumwondolea adabu. Wakakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Nilitegemea afungue Biblia. Hakuifungua. Akasema tu, "Mama, nisimulie. Kemilembe alikuwaje?"

Mama akaanza kwa shida, kisha maneno yakaja yenyewe. Jinsi alivyocheka mpaka anapata kwikwi. Jinsi alivyopenda kulamba chumvi ya ng'ombe akafukuzwa na baba yake. Jinsi alivyoanguka kwenye jiwe la mlangoni akabaki na kovu gotini, na kila mgeni akifika lazima aonyeshwe lile kovu. Mchungaji alisikiliza yote, hakuwa na haraka. Mwisho mama akamuuliza, na sauti yake ilikuwa na ugomvi ndani yake: "Haya, siku ya ufufuo. Na lile kovu la gotini?"

"Mama," akajibu, "sijui Mungu atafanya nini na kovu la gotini. Ninachojua ni kwamba Mwanawe alifufuka na makovu yake, akawaonyesha rafiki zake, akawaomba chakula, akala samaki mbele yao. Mungu wa namna hiyo hatakurudishia kivuli."

Mama akalia. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka majirani wakaja. Alipomaliza akasema tuombe, na akaanza yeye mwenyewe. Ile sala ilikuwa na malalamiko mengi kuliko shukrani, na mchungaji aliitikia amina kila mahali. Kisha akafuta uso akanigeukia: "Wewe msomi, nenda ukamenye ndizi, mgeni ana njaa." Nikajua nimesamehewa. Jina hilo la msomi lilinifuata mpaka nikaolewa hapa Isingiro, na kila akiniita hivyo alikuwa anacheka.

Sasa jibu lako, mwanangu, maana najua unasubiri na kidole kiko kwenye simu. Injili hizo zipo, na ukitaka kuzisoma zisome. Hazijafichwa, zinauzwa madukani. Waliozikataa zamani walizisikia, wakazilinganisha na habari walizopokea kutoka kwa watu waliomwona Bwana kwa macho, waliokula naye, wakaona sauti si ile. Wewe nawe linganisha. Uliza nani aliandika, na lini, na kama aliyetajwa jina alikuwa bado hai. Halafu uliza swali la mama yangu: katika mafundisho haya, mtoto aliyenyonyeshwa anakwenda wapi? Elimu yoyote inayokufanya umdharau yule mama anayeimba kanisani na jasho la shamba mgongoni, iogope, hata kama imeandikwa vizuri. Bwana wetu alisema mambo yake mlimani na ufukweni, wavuvi na wachunga mifugo wakasikia. Wala usiwadharau hao Wagnosti. Walikuwa watu wenye kiu, na kiu si dhambi. Na ukifika penye msiba, kaa kwanza. Ulimi hauna mfupa, lakini nimeona kwa macho yangu unavyovunja.

Mama alizeeka vizuri. Alipokuwa anaaga dunia alituita, akatuagiza tumzike pale pale kwenye migomba, karibu kabisa na Kemilembe. "Siku ile nikiamka," akasema, "nisimtafute mbali." Tukafanya hivyo, na nilipomwaga konzi yangu ya udongo sikuwa na shaka hata kidogo ni nani ninayemzika, wala namkabidhi kwa nani.

Mungu aliyekuumba yeye mwenyewe, wala si mwingine, akubariki, mwanangu. Ayabariki macho yako yanayosoma, na miguu itakayokurudisha kwangu kila likizo. Akupe akili ya kupima na moyo wa kupenda. Na siku ile ya mwisho akuite kwa jina lako, uje utukute mimi na mama na Kemilembe, tuna mikono ya kukupokea.