Ubani wa Tunu

Enzi za Mwingereza, Kijakazi wa Ngamiani aliachwa na mumewe kwa sababu hazai. Mume mwenyewe baharia, akija nyumbani mwaka hata mwaka, siku chache, halafu huyo. Mzee Uweso, mganga wetu, alimfukiza Kijakazi mpaka khanga zake zote zikanuka ubani. Wapi. Talaka ikaja.

Akabaki na Tunu, ng'ombe wa urithi wa babake, aliyekuja uani tayari anakamuliwa. Mtaa mzima tulinunua kwake. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nisikilizeni mimi, si wale wa barazani.

Maziwa yakaanza kupungua, na Tunu hana mimba. Mwenye bucha akawa anapita kumtazama Tunu mapaja. Kijakazi hapati usingizi, maana bila ng'ombe yule hana pa kushika.

Na kila baada ya majuma kadhaa Tunu hulia kutwa nzima, hali majani, anazunguka kigingi, ute unamtoka nyuma. Tukasema ana pepo. Mzee Uweso huja na chetezo, akafukiza, kesho yake Tunu kimya, anakula. Tulimsifu sana mzee yule.

Safari moja Tunu akalia, Mzee Uweso kaenda Mkwaja mazikoni. Hakufukizwa. Kesho yake kimya, anakula vilevile.

Asubuhi ile Kijakazi alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakuni, anamtazama Tunu akila.

Tunu alipolia tena, akamfungua, akamswaga hadi nje ya mji kwa Timotheo, Mbondei mwenye kundi na dume. Nilimfuata nijionee. Timotheo akamtazama ng'ombe nyuma, akasema, "Huyu anataka dume tu, dada. Wangu wakifika hapo hupandana, nikajua. Wako yuko peke yake, atapandana na nani?"

Akamwachia dume. Mwaka haukuisha, Tunu akazaa ndama jike, na maziwa yakarudi. Mwenye bucha akatafuta njia nyingine ya kupita.

Mzee Uweso akaja kupokea pongezi, chetezo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona dawa yangu?"

Kijakazi akampa bakuli la maziwa, akangoja alimalize. Ndipo akamwambia, taratibu kabisa, "Miaka yote ile ulinifukiza, mzee. Hukuniuliza hata siku moja mume wangu yuko wapi."

Mzee Uweso akafuta ndevu, akaondoka. Mimi huku upande wangu wa ukuta nililia.